Mafanikio asilimia 70, ya nini?

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua tuzungumzie matangazo ya hospitali za nje zinazopandikiza mimba kwa njia ya IVF, yaani yai hurutubishwa maabara, na kiinitete, ile mimba changa inayopatikana, hurudishwa kwenye mji wa mimba. Yawe ya gazetini, ya redioni au ya vipeperushi vya mawakala, hutaja mambo mawili tu: bei na asilimia ya mafanikio. Bei kila msomaji ataielewa. Asilimia haieleweki hata kwa mtu wa fani, kwa sababu haisemwi ni asilimia ya nini.

Tuchukue hesabu ya mfano. Wanawake 100 wanaanza sindano za kukuza mayai. Kwa 10 ovari haziitiki, wanasimamishwa. Waliobaki 90 wanavunwa mayai, lakini 15 hawapati kiinitete cha kurudishiwa. Wanapandikizwa 75. Baada ya wiki mbili kipimo cha damu kinaonyesha mimba kwa 40, na mwisho wa yote 30 wanajifungua mtoto aliye hai. Hospitali moja itagawa 40 kwa 75 na kutangaza asilimia 53. Nyingine yenye matokeo yaleyale itatangaza 30. Hapo hakuna aliyedanganya, lakini anayeuza kiwanja ili asafiri anahitaji ile namba ya pili. Gazeti lako linaweza kumtaka mtangazaji aongeze mstari mmoja tu: watoto hai kwa kila wanawake 100 walioanza matibabu, na umri wao.

Msomaji naye anaweza kuandika hospitalini swali hili: kati ya wanawake wa umri wangu walioanza sindano kwenu mwaka juzi, wakitumia mayai yao wenyewe, wangapi wamejifungua? Tunasema mwaka juzi kwa sababu wa mwaka jana wengine bado ni wajawazito. Na tunasema mayai yao wenyewe kwa sababu mwanamke wa miaka 45 akipewa yai la msichana wa miaka 25, matokeo huwa ya msichana. Uingereza, ambako mamlaka ya HFEA iliyoanza kazi 1991 huchapisha matokeo ya kila kliniki, walio chini ya miaka 35 hujifungua kwa takriban thuluthi moja ya viinitete vinavyopandikizwa. Wakifika 43 inabaki kama kimoja katika ishirini. Anayemwahidi mwanamke wa miaka 44 asilimia 70 anazungumzia yai la kuchangiwa, hata kama hajalitamka.

Hapo ndipo sheria ya nchi inapoingia, nayo itazamwe kabla ya sifa za daktari. Uturuki hairuhusu yai, mbegu wala kiinitete cha mtu wa tatu. Hutibu mume na mke wenye cheti cha ndoa, na mwanamke wa chini ya miaka 35 hurudishiwa kiinitete kimoja tu katika majaribio mawili ya kwanza. Kwa Waislamu wengi wa pwani hilo linatuliza moyo. Kwa mwanamke ambaye mayai yake yamekwisha, ni nauli ya bure. India, kwa sheria yake ya 2021, huweka umri wa mke kati ya miaka 21 na 50 na wa mume kati ya 21 na 55, na mchangiaji wa mayai huruhusiwa kuchangia mara moja tu maishani. Kuchagua jinsia ya mtoto ni marufuku huko kwa sheria ya 1994 na marekebisho yake. Wakala anayekuahidi mtoto wa kiume kutoka India anakuahidi kosa la jinai. Waliooana kimila bila cheti washughulikie cheti mapema, kwa sababu hiyo ndiyo karatasi inayokwamisha watu wakiwa tayari wamekata tiketi.

Je, kusafiri ni lazima? Kliniki zipo Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na kwa mirija iliyoziba au mbegu chache kazi ni ileile. Safari ina maana zaidi pale wawili wote wanapobeba selimundu na wanataka viinitete vipimwe kabla ya kupandikizwa, au mbegu zinapohitaji kutafutwa ndani ya korodani kwa upasuaji wa hadubini. Kipimo cha selimundu huanza kwa damu ya wazazi wote wawili, nayo maabara huhitaji wiki kadhaa kukitayarisha. Basi sampuli zitangulie, wagonjwa wafuate.

Vipimo vingi vifanyike nyumbani. Mume aanze, maana kupima mbegu ni rahisi, hakuumizi, na tatizo liko upande wake katika kesi nyingi kuliko watu wanavyopenda kukiri. Mbegu huchukua takriban miezi mitatu kutengenezwa hadi kutoka, kwa hiyo sigara iliyoachwa wiki ya safari haijasaidia kitu. Mke apime homoni ya AMH, inayoonyesha akiba ya mayai, na ahesabiwe vifuko vya mayai kwa altrasaundi mwanzoni mwa hedhi. Apigwe pia picha ya mirija. Mrija uliovimba na kujaa maji humwaga maji hayo kwenye mji wa mimba na kupunguza nafasi ya mimba kwa karibu nusu, hata kiinitete kiwe kizuri namna gani. Hutolewa au hufungwa kwanza. Hospitali inayopokea picha ya namna hiyo na kujibu “njooni tu” si ya kuendewa.

Maabara ndiyo hospitali yenyewe, kwa hiyo maswali mengi yaelekezwe huko. La kwanza: mtaalamu wa viinitete yupo siku saba za wiki, au huja kwa kundi? Zipo kliniki zinazomwita kwa siku chache kila mwezi na kuwapanga wanawake wote wavunwe siku hizohizo. Ambaye mayai yake yanakua haraka anacheleweshwa kwa dawa, ambaye yake yanachelewa anavunwa mabichi. La pili: kila mrija na sahani ya maabara huhakikiwa majina na watu wawili? La tatu: viinitete vilivyogandishwa, vingapi kati ya 100 huyeyushwa vikiwa hai? Maabara nzuri hujibu zaidi ya 90, bila kusita.

Hesabu ya mayai nayo ielezwe mapema. Mwanamke wa chini ya miaka 35 akivunwa mayai 12, ni kawaida 9 au 10 kuwa yamepevuka, 6 au 7 kurutubishwa, na 3 hivi kufika siku ya tano. Asiyeambiwa hili huona ameibiwa, na minong'ono huanza kwamba mayai yameuzwa.

Sasa jambo dogo linaloharibu mzunguko mzima. Sindano ya mwisho, ya kupevusha, hupigwa saa 34 hadi 36 kabla ya kuvuna. Karatasi ya hospitali itaandika 10 pm au 22:00. Hiyo ni saa nne usiku. Msemaji wa Kiswahili aliyechoka husoma 10 akasikia saa kumi, akaweka kengele ya simu alfajiri, na kwa kosa la saa sita mayai mengi hukutwa hayajaachia. Kama amepewa Jumatatu saa nne usiku, atavunwa Jumatano saa nne asubuhi. Simu ihakikishwe inasoma saa ya huko: Delhi iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu.

Sindano nyingi za kukuza mayai hutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Zibebwe mkononi ndani ya ndege pamoja na barua ya daktari, kamwe zisiwekwe kwenye mizigo ya chini ambako zinaweza kuganda. Na wanaokwenda India wakitokea Kenya au Uganda wanadaiwa kadi ya homa ya manjano. Chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo ichomwe angalau wiki nne kabla ya kupandikizwa, si siku ya kufuata viza.

Mwenye vifuko vingi, hasa wenye ovari za vifukovifuko, aulize hospitali itafanya nini ovari zikizidi kuitika. Jibu tunalolitaka ni kugandisha viinitete vyote na kupandikiza mwezi mwingine, hata kama maana yake ni tiketi ya pili. Tumbo likijaa, pumzi ikibana, mkojo ukipungua na uzito ukipanda kilo moja kwa siku, huyo harudi nyumbani kwa ndege; anakwenda wodini. Na wanaoomba warudishiwe viinitete vitatu “ili gharama iwe moja” wakumbuke kwamba mapacha huzaliwa njiti mara nyingi, na vyumba vya watoto njiti katika mikoa yetu wanavijua.

Bei tusiirefushie. Omba ankara kutoka hospitalini moja kwa moja, si kwa wakala, ioneshe kama dawa, usingizi, kugandisha na kuingiza mbegu ndani ya yai vimo au havimo. Kukwaruza mji wa mimba na kuweka dripu za kinga, vinavyoongezwa mwishoni mwa orodha, havijathibitishwa kuongeza watoto. Vikatwe.

Kabla ya kuondoka nyumbani, awepo daktari aliyekubali kumpokea mgonjwa akirudi. Aliyepandikizwa kiinitete kilichogandishwa kwa mzunguko wa dawa hana projesteroni, homoni inayotunza mimba, ya kwake mwenyewe. Akiishiwa vidonge vya ukeni, mimba hutoka. Kwa dozi ya mara tatu kwa siku, kuanzia kipimo cha wiki ya nne hadi wiki ya 12 ni siku 56, yaani vidonge 168, na vile vya nta huyeyuka kwenye joto la Dar. Wiki ya sita au ya saba apigwe altrasaundi kuona mimba imekaa wapi, kwa sababu hata ya IVF hunasa kwenye mrija.

Mwisho ni ile fomu inayosainiwa haraka mlangoni, kuhusu viinitete vinavyobaki kwenye mtungi wa naitrojeni, nyuzijoto 196 chini ya sifuri. Isomwe yote: ada ya kila mwaka ni kiasi gani, isipolipwa vinafanywa nini, na mmoja akifariki au wakiachana nani ana kauli. Anayesaini bila tafsiri ya Kiswahili au Kiingereza anachoelewa asubiri kesho asubuhi. Mayai hayavunwi siku hiyo.

Wafanyakazi wa maabara na wauguzi wa afya ya uzazi,
Dar es Salaam