Kuhusu ile orodha ya majina

Kwako Zuhura,

Salamu nyingi, na hongera kwa gemu kufika hatua ya kuwekewa sauti. Orodha uliyonitumia ya majina mliyoyabuni nimeisoma yote kwa sauti, tena mlango nimeufunga, maana mtu angenisikia nikirudiarudia "Qael'Ithryn" angedhani naita majini.

Umeuliza kama majina ni mazuri. Kwa macho, ni mazuri sana. Lakini gemu lenu sasa linatoka kwenye maandishi matupu, na hapo mambo yanabadilika. Msomaji akikutana na Qael'Ithryn hulitamka kichwani apendavyo, au halitamki kabisa, analitambua kwa sura tu na kuendelea na vita. Hakuna wa kumsahihisha. Mwigizaji hana nafasi hiyo. Maikrofoni imewashwa, watu wanamsubiri ng'ambo ya kioo, na hiyo Q lazima iwe kitu fulani.

Shida kubwa ni kwamba kila mmoja anaamua akiwa peke yake. Wachezaji wengi hudhani waigizaji wa gemu hukaa pamoja wakajibizana kama kwenye jukwaa. Mara nyingi hawaonani. Mfalme anarekodiwa mwezi huu, binti yake miezi kadhaa baadaye, pengine mji mwingine na chini ya mwongozaji mwingine. Anachowekewa mbele si mazungumzo kamili, ni jedwali la mistari, na mistari ya mwenzake huenda hata haimo. Muda nao ni mfupi: kwa mikataba ya chama cha waigizaji cha Marekani, SAG-AFTRA, kipindi cha kawaida cha kurekodi gemu ni saa 4. Hakuna anayetaka kuzimaliza akibishania irabu. Basi mfalme anasema KAE-lith-rin, binti anasema kwe-LITH-rin, na kwenye gemu wamesimama uso kwa uso wakimlilia mtu huyohuyo. Mchezaji anajua papo hapo kwamba hawa hawajawahi kukaa nyumba moja.

Sasa angalia vizuri kosa liko wapi. Mfalme hajakosea, wala binti. Jina la kubuni halina mwenyewe wa kwenda kuulizwa. Kilichokosekana ni makubaliano, na kwangu mimi hapo ndipo usahihi wote wa majina haya ulipo. Chukua gemu la The Witcher 3 la 2015, toleo la Kiingereza. Hadithi ina asili ya Poland. Geralt, shujaa wake, anaitwa kwa g ya "gari", kama Wapolandi wasemavyo, ingawa Mwingereza angeweza kabisa kuisoma kama j. Lakini Ciri, mhusika mwenzake, anaitwa "Siri", na c ya Kipolandi haisomwi s hata siku moja. Jina moja limefuata kwao, jingine limehamia Uingereza, na gemu limesimama imara kwa sababu walioliigiza wanasema vilevile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mtaalamu wa Kipolandi anaweza kununa. Hadithi hainuni.

Mchezaji akiruhusiwa kuchagua jina mwenyewe, kuna wanaoukwepa mtihani huu kijanja. Mass Effect ya 2007 inakuachia uchague jina lako la kwanza, lakini ukoo ni Shepard upende usipende, na Shepard ndilo linalotamkwa. Fallout 4 ilikwenda njia ya jasho: Codsworth, yule roboti mtumishi, alirekodiwa akisema majina zaidi ya 900, ili akikutana na lako akuite kwalo. Maskini Stephen Russell, aliyempa sauti. Sijui mtu huchekaje au huliaje akifika jina la mia tano.

Final Fantasy X ndiyo ninayoipenda zaidi kama mfano wa balaa. Lilitoka 2001, la kwanza katika mfululizo wake kuwa na sauti za watu, na mchezaji aliruhusiwa kumbatiza shujaa jina jipya. Matokeo yake ni kwamba gemu zima, la masaa na masaa, watu wanampenda, wanamfokea, wanamlilia, na hakuna kinywa kinachotaja jina lake. Imeandikwa Tidus. Mashabiki wa Kiingereza wakagawanyika: Taidas au Tiidas? Kijapani ni Tiida, neno la Okinawa lenye maana ya jua, kwa hiyo jibu lilikuwepo siku zote, ila halikuwa masikioni mwao. Alipotokea baadaye katika gemu jingine, Dissidia, na kuitwa kwa sauti, ikawa Tiidas, na waliokuwa wamezoea Taidas walilipokea kwa uchungu. Ndiyo maana nakuhimiza mwamue kabla gemu halijatoka. Mkichelewa, wachezaji watawaamulia, na kila mmoja atakuwa na jina lake.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mtu mmoja, ikiwezekana mwandishi mwenyewe, asome kila jina na ajirekodi. Faili la sauti la sekunde mbili linashinda ukurasa mzima wa maelezo. Mwigizaji asikilize kabla ya kuanza, kisha asikilize tena kila jina linaporudi, kwa sababu mdomo huwa unateleza kuelekea ulikozoea. Mdomo wetu wa Kiswahili huvuta mkazo kwenye silabi ya pili toka mwisho. Mkitaka uwe kwingine, uandikeni kwa herufi kubwa. Na tumieni tahajia yetu kuandika matamshi. Ina dh, th na gh tayari, na a ni a tu, jambo ambalo waandishi wa Kiingereza wanalitafuta kwa tochi.

Ritifaa, hizo alama za ' katikati ya majina, ziondoeni, au mseme zinafanya kazi gani. Katika orodha yako nimeziona kila mahali na hazina sheria. Kama Qael'Ithryn inakatwa kooni katikati, basi ikatwe na kila mtu, hata anayeipiga kelele akiwa anakimbia joka. Jaribu mwenyewe kuipiga kelele. Vhaedor sina neno nalo. Xoth pia libaki: ni fupi, na adui anayetajwa kila dakika tano anahitaji jina linalotoka upesi.

Kuna jambo moja linalonifanya nisite kuwaambia msawazishe kila kitu. Kutofautiana kwenyewe si dhambi kama kuna sababu ndani ya hadithi. Wageni wanaweza kuliharibu jina la malkia, na wanakijiji wakalikata nusu. Mtumwa aliyekimbia anaweza kulitamka kama alivyofundishwa utotoni, si kama wasemavyo ikulu, na mchezaji makini akamtambua kwa hilo kabla hajavua barakoa. Hayo ni mapambo ya bei ndogo na gemu chache hujisumbua nayo. Lakini yaandikwe kwenye jedwali, mstari kwa mstari, ili mwongozaji asidhani mwigizaji amekosea akamrekebisha.

Ndiyo maana kabla sijakurudishia orodha nahitaji unijibu kitu ambacho hakimo kwenye maelezo yako: watu wa Vhaedor walijifunza jina la Qael'Ithryn kwa kulisikia, au kwa kulisoma kwenye barua zilizotekwa? Kama walilisoma, nina wazo kuhusu hiyo Q.

Wasalimie wenzako.

Wako,
Rehema