Komeo la mlango

Pasua, Moshi
8 Juni 2025

Zuhura rafiki yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Leo ni siku ya nne mlima haujaonekana, mawingu yameukalia tu, na watoto wanakwenda shule na masweta. Sisi ni wazima. Mama anauliza utakuja lini kula mtori, anasema wa huko Dar mnaupika kwa ndizi zisizo zake. Mfikishie mama yako shikamoo yangu.

Ujumbe wako wa wiki iliyopita kuhusu utafiti wangu wa mikopo ya akina mama wa sokoni nimeusoma zaidi ya mara tatu. Umeniuliza: "Aika, sheria ipo, kanuni zipo, kinachokosekana ni utekelezaji. Utafiti mwingine wa nini?" Nilianza kukujibu kwenye simu nikafuta. Jambo lenyewe linataka karatasi na muda.

Kwamba sheria ipo, sikubishii. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilitungwa mwaka 2018, kanuni zake zikatoka 2019, na wakopeshaji wakapangwa katika madaraja manne, kuanzia mabenki hadi vikundi vyetu vya mtaani. Wale wa daraja la pili, wanaokopesha bila kupokea amana, wamewekewa kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Mwaka huohuo wa 2019 zikaja kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, zinazomtaka mkopeshaji aeleze gharama zote kabla mteja hajasaini. Wewe unazijua kuliko mimi, ndiyo kazi yako. Novemba mwaka jana Benki Kuu ikatangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Kwa hiyo mtu akikaa ofisini na makabrasha haya mezani, ataona nyumba imejengwa, imepauliwa, na iliyobaki ni kumsukuma mtu wa kwenda kuitunza.

Sasa njoo huku soko la Mbuyuni, Moshi.

Kibali changu cha utafiti kilishuka ngazi moja moja kama kawaida, COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), mkoa, manispaa, kata, mtaa, na miezi ikapita. Nilipofika sokoni nilikuwa na dodoso la kurasa sita. Mama mmoja, nitamwita Mama Eli, jina si lake, alilitazama akasema, "Mwanangu, hayo maswali yako yote majibu ni ndiyo na hapana. Mkopo wangu hauna ndiyo na hapana. Njoo Jumanne kwenye marejesho ukae." Nikaenda. Nimekwenda Jumanne kumi na moja.

Mama Eli anauza ndizi. Anapanda Mwika siku ya soko, ananunua mikungu ya mshare, anaishusha kwa Hiace, anauza kwa chane. Amekopa laki tatu kwa kampuni ya mikopo, kupitia kikundi. Mkononi alipewa 270,000, kwa sababu elfu kumi ilikatwa ya fomu na elfu ishirini ya bima, bima ambayo hajawahi kuona karatasi yake. Anarejesha 97,500 kila Jumanne, Jumanne nne. Piga hesabu. Alichopokea ni 270,000, anacholipa ni 390,000, ndani ya mwezi mmoja. Nikaomba kuona mkataba. Umekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha kliniki cha mtoto. Unasema riba ni asilimia 3.5, shilingi 10,500. Kweli kabisa, imeandikwa! Zile 79,500 nyingine zinaitwa "ada ya ufuatiliaji". Kwenye karatasi kikomo cha riba hakijavunjwa, ila riba imebadilishiwa jina. Watu wenyewe mtaani hawahangaiki na majina hayo, wanaita kausha damu, basi.

Utaniambia hapo hapo: si akalalamike? Dawati la malalamiko lipo, Benki Kuu ina tawi Arusha, ni safari ya saa mbili kwa Coaster. Mimi pia nilifikiri hivyo, hadi Jumanne ya tatu.

Tulikuwa kwenye sebule ya mwenyekiti wa kikundi, wanawake kumi, viti havitoshi, wengine wamekaa kwenye jamvi. Afisa mikopo ni kijana wa miaka ishirini na kitu, amekuja na pikipiki, mkoba mapajani, anajaza vitabu. Mwenyekiti akasimama akavuta komeo la mlango. Mlango ukishafungwa hatoki mtu mpaka hesabu ya kikundi itimie. Hesabu ikapungua 12,000. Ni ya Mama Eli. Mikungu miwili ilikuwa imeiva ikamwagika kabla ya kuuzwa. Hakuna aliyemgombeza. Hakuna aliyesema chochote, na ukimya ule, Zuhura, ulikuwa mzito kuliko matusi. Mtoto wa mmoja wao akaanza kulia, akanyonyeshwa, akalala. Nje tulisikia wateja wa asubuhi wakipita. Kila dakika ya pale ndani ilikuwa ni chane la mtu ambalo haliuzwi. Kijana wa mikopo alikuwa anatazama saa yake kila mara. Baadaye aliniambia fedha isipotimia anakatwa kwenye mshahara wake yeye. Ilipita saa moja na dakika arobaini ndipo mama mmoja akafungua fundo kwenye ncha ya kanga yake akatoa elfu tano, mwingine nne, mwingine tatu. Komeo likavutwa.

Mimi nilikuwa na elfu ishirini kwenye pochi. Taratibu za utafiti zinanikataza kuitoa, na sababu zake nazijua. Niliishika pochi ile muda wote. Bado inanichoma.

Yule wa elfu tano ndiye aliyesimamia ubatizo wa mtoto wa mwisho wa Mama Eli. Ndiye aliyempikia wiki mbili mumewe alipolazwa. Sasa niambie, Mama Eli akapande Coaster kwenda Arusha kumlalamikia nani? Mkopeshaji hakufunga mlango. Mkopeshaji hakumdai elfu kumi na mbili, wenzake ndio waliomlipia. Deni lake la kweli, lile linalomkosesha usingizi, yuko nalo kwa jirani zake. Kanuni zote ulizonitajia zinamwona mkopeshaji upande huu na mkopaji upande ule, zinasimama katikati. Deni lenyewe linaishi kati ya wanawake kumi, ndani ya mlango uliofungwa, na pale ndani kanuni haijawahi kuingia.

Ndipo nikamkumbuka Sally Falk Moore. Unakumbuka chuoni Makumira tulimpitia haraka haraka kwa ajili ya mtihani? Mwanasheria wa Kimarekani aliyegeukia anthropolojia, akaanza kuja huku Kilimanjaro mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1973 aliandika makala moja akiweka pamoja vitu viwili ambavyo mtu hawezi kuviwazia pamoja, washona magauni wa New York na Wachagga wa mlimani hapa. Kwa washonaji aliona mikataba ya chama cha wafanyakazi ikivunjwa msimu wa kazi nyingi, na msimamizi wa chama anafumba macho kwa sababu kila mmoja anamhitaji mwenzake kesho, na zawadi zinapita. Kwa Wachagga aliona serikali imefuta umiliki binafsi wa ardhi mwaka 1963, ardhi yote ni ya umma, lakini vihamba, yale mashamba ya ukoo, vikaendelea kurithishwa baba kwa mwana, na kesi kusikilizwa na ukoo chini ya mgomba kama jana. Alichosema ni kwamba sheria haitui kwenye uwanja mtupu. Inakuta watu wana masharti yao, wana njia zao za kukubana uyafuate, na masharti hayo mara nyingi yana nguvu kuliko yake. Tuliandika hivyo kwenye karatasi ya mtihani tukapata alama zetu. Sikujua kwamba ningekuja kukaa ndani ya uwanja huo, komeo likiwa limefungwa, kilomita chache tu kutoka vihamba alivyovisoma yeye.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wewe kuhusu neno utekelezaji. Kabla hujatekeleza lazima ujue unamtekelezea nani na unavunja nini. Nilimuuliza Mama Eli: tuseme kampuni hii ifungwe kesho? Akanijibu bila kufikiri, "Mtaji wa Alhamisi utanipa wewe?" Anajua riba inamnyonga, hesabu ile niliyokuandikia aliifanya yeye kichwani kabla sijatoa kalamu. Lakini benki inataka hati, na kihamba cha mumewe kina jina la baba mkwe. Kwa hiyo ukiufunga mlango huu atakwenda kwa yule anayekopesha kwa kushika kadi ya benki na namba yake ya siri, na huyo hana hata kikundi cha kukuchangia.

Mwezi uliopita nilifanya jambo ambalo wasimamizi wangu hawakulidai. Nilirudisha rasimu kwa wanawake wenyewe. Niliwasomea kwa Kiswahili, sebule ileile, alasiri moja soko likiwa limepoa. Mama mmoja alikuwa ameniambia siku ya kwanza kabisa, "Wenzako wamekuja, wameandika, wameondoka, hatujui walituandika nani." Neno hilo sikuweza kuliacha lipite.

Wamenikosoa mara mbili. La kwanza, nilikuwa nimewaandika "waathirika" karibu kila ukurasa. Mwenyekiti akanyoosha mkono akasema, "Futa hilo neno. Mimi ni mfanyabiashara." Nimelifuta kote. La pili ndilo lililonipindua. Nilikuwa nimeandika kwamba mkopeshaji anawafungia ndani. Wakatazamana. Halafu yule wa elfu tano akasema polepole: komeo ni letu. Kampuni haikuliagiza. Mwaka juzi mwenzao alikopa akahama usiku, wakalipa deni lake miezi mitatu, mmoja akauza cherehani. Baada ya hapo walikaa wakaamua wenyewe kwamba mlango utafungwa.

Nililala vibaya siku hiyo. Miezi yote nilikuwa na adui mmoja safi, na sasa naambiwa kufuli limetengenezwa na wenyewe waliofungwa. Nimefikiri sana, na nilipofika ni hapa: walilitengeneza kwa sababu mkataba umewabebesha wote kumi deni la kila mmoja, lote, bila kikomo. Mkopeshaji ameandika mstari mmoja tu, kwamba wanakikundi watawajibika kwa pamoja, na kwa mstari huo amepata askari kumi wasiolipwa. Hana haja ya kumfungia mtu. Sheria yetu ya mikataba inataka kila anayesaini awe amekubali kwa hiari yake, na wote walisaini, hakuna aliyeshikwa mkono. Mimi bado nasema ni dhuluma. Lakini dhuluma hii huwezi kuiona kwenye mkataba, wala kwenye kiwango cha riba, wala kwenye orodha ya leseni. Unaiona kwa kukaa pale. Ndiyo maana ya utafiti, Zuhura.

Umesema ofisini kwenu mnakusanya maoni kuhusu kanuni. Naomba unibebee mambo mawili. Wajibu wa mdhamini ndani ya kikundi uwe na kikomo kinachoandikwa kwa shilingi, mtu ajue siku anaposaini kwamba mwenzake akikimbia yeye ataumia hadi hapa na si zaidi. Na ukurasa wa kwanza wa mkataba uwe kwa Kiswahili, maandishi makubwa, namba tatu tu: nitakazopewa mkononi, nitakazolipa kila wiki, jumla yake. Ada iitwe vyovyote vile, iwe ndani ya jumla hiyo, na kikomo cha asilimia kihesabiwe juu ya jumla hiyo. Mama mmoja ambaye hajui kusoma alipendekeza mkataba usomwe kwa sauti mbele ya kikundi kizima kabla ya dole gumba. Nimeliweka kwenye ripoti kama lilivyo.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipanda daladala kutoka Usa River kwenda mjini Arusha, kisa tu tupite mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu? Ulikuwa unasema siku moja utasimama mle ndani. Nakutakia bado. Lakini kabla ya hapo nataka ukae kwenye jamvi la Mbuyuni angalau Jumanne moja. Nimewaomba ruhusa, wamekubali, sharti lao usije na dodoso.

Jumanne ya tarehe 24 ndiyo rejesho la mwisho la Mama Eli kwa mkopo huu. Panda basi la Jumapili, utalala kwangu, chumba cha nyuma kina blanketi mbili. Marejesho yanaanza saa tatu. Tufike saa tatu kasoro robo, kabla mlango haujafungwa.

Wako akupendaye,
Aika