Salamu za Krismasi kwa mama zetu wa mikoroshoni

Ndugu, jamaa na marafiki wa Newala, Tandahimba, Masasi, na nyinyi wenzangu mliotawanyika Mbagala na Temeke, nawasalimu katika furaha ya Krismasi. Wazee wangu wote, shikamooni. Majirani zetu Waislamu, asalaam aleikum. Wali wa Krismasi yetu mmekula nasi na pilau la Idi yenu tumelila tangu tungali watoto wa kuogeshwa kwenye karai, na Mungu azidi kutuweka hivyo.

Krismasi ya kwetu ina harufu yake. Mvua za kwanza zimeshashuka, mchanga mwekundu umelowa, maembe yanadondoka usiku ukiyasikia kabisa. Korosho za mwisho bado zinaokotwa, na huku jembe liko mkononi, maana mahindi na mbaazi havisubiri sikukuu ya mtu. Mama anatoka kanisani, anakunja kitenge kipya, anavaa cha shamba.

Mwaka huu salamu zangu nazielekeza kwake, na kwa mama zenu wote.

Watu wa mjini wanausikia msimu wa korosho Oktoba minada inapofunguliwa na bei kutangazwa redioni. Mama ameuanza tangu Mei, anafyeka na kufagia chini ya mikorosho. Juni inakuja salfa, dawa ya unga ya kuzuia ubwiri unga, ugonjwa unaokausha maua. Inapulizwa alfajiri, upepo umetulia na umande bado uko kwenye majani, ili unga ushike. Baba anabeba bomba, mama anabeba mfuko na ndoo, na mchana kutwa macho yake yanawasha, mekundu. Halafu kuokota. Jamani, kuokota! Korosho haichumwi ukiwa umesimama. Inadondoka na bibo lake, lile tunda laini inaloning'inia, unainama, unalisokota bibo linaachia, unatupa korosho kwenye ndoo, hatua moja, unainama tena. Shamba zima. Jioni unaanika, usiku unaingiza zisilowe, kesho unachambua nzuri na mbovu kabla ya kupeleka kwenye ghala la chama cha msingi.

Zile za kula nyumbani anazibangua mwenyewe. Nimekaa mbele ya moto ule tangu mdogo. Anazimwaga kwenye bati kuukuu juu ya mafiga, anageuza kwa mti mrefu, mafuta ya maganda yanalipuka moshi mweusi, anaziangusha mchangani zizime. Kisha anajipaka majivu vidoleni na kuanza kugonga, moja moja, jiwe kwa jiwe, na korosho inatoka nzima bila kuvunjika. Majivu yanasaidia kidogo tu. Ngozi ya vidole inaungua, inakuwa nyeusi, inachunika. Ile pakiti ya korosho mnayowapelekea mabosi wenu kila Januari imetoka kwenye vidole hivyo.

Na maji. Sisi wa uwanda wa juu tunajua maji ni nini. Wasiofika kwetu wanakuja Shimo la Mungu, kule Newala kwenye ukingo wa uwanda, kupiga picha, wanatazama chini bonde la Ruvuma, wanasema pazuri. Ni pazuri kweli. Lakini mama akiwa msichana alishuka miteremko ile na bibi kutafuta maji, wanatoka jogoo la kwanza, wanapanda jua likiwa utosini, ndoo kichwani na majani yanaelea juu ili maji yasimwagike. Hadi leo, bomba linapotoka, akijaza ndoo anaweka majani, hata kama ni hatua kumi. Mvua ya kwanza ikipiga bati, kila chombo cha nyumba hiyo kinakwenda chini ya michirizi, sufuria, beseni, hata bakuli la mboga.

Kuna mwaka malipo ya korosho yalichelewa, Krismasi ikatukuta hatuna kitu. Mtu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa magendo nje ya chama, akapita na bakuli lake la kupimia, fedha taslimu mfukoni, bei ya kutupa. Baba alikuwa ameshaanza kulegea. Mama akamkaribisha yule mtu, akampa maji ya kunywa, akamwambia korosho hazitoki. Siku ya mkesha akina mama wa kikoba chao wakaja kila mmoja na kibaba chake cha mchele umefungwa kwenye pindo la kanga. Wengine walileta nusu kibaba. Walipika chungu kimoja, wakala watu wa nyumba nne, na sahani ya kwanza mama aliifunika na kunituma kwa mama mmoja mjane aliyekuwa hajitokezi kwa aibu. Sijawahi kula wali mtamu kama ule.

Ndivyo alivyo. Msiba ukitokea, yeye na wenzake wameshafika na masufuria kabla matanga hayajakaa. Mwali akitoka, yumo. Mgonjwa wa jirani ana uji.

Sasa niseme lililoniuma kwa miaka. Sisi Wamakonde kwa desturi tunamhesabu mtu kwa ukoo wa mama yake. Ukiulizwa wewe wa nani, unaanzia upande huo. Lakini fungua kitabu cha korosho: jina ni la baba, akaunti ya benki ni ya baba, na aliyeinama miezi yote hiyo anapewa fedha ya kitenge kama zawadi. Nyumba nyingi ziko hivyo, na yetu ilikuwa hivyo. Nilizungumza na baba wakati wa mbaazi, kwa adabu, mjomba akiwepo. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema mikorosho ya upande wa njiani isajiliwe kwa jina la mama. Baba, asante. Umenifundisha kitu hapo.

Malipo ya kwanza yalipoingia kwenye simu yake nilimuuliza atanunua nini. Akasema bati mbili, jiko la yule mama mjane linavuja.

Nyinyi mnaosafiri, kabla hamjalala usiku wa kwanza, muulizeni mama zenu swali hilohilo, na msimjibie.

Mimi natoka Mbagala alfajiri ya tarehe 23, Mungu akipenda. Mama, nilikuwa ninunue mchele kilo kumi. Najua nusu yake hailali kwetu, kwa hiyo nimenunua ishirini. Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya, nyote.