Barua kwa Wazazi: Likizo Hii Watoto Wakaione Kusini Kwao

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Mtwara.
Juni.

Ndugu mzazi/mlezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA KAZI YA LIKIZO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunamshukuru Mungu, muhula umekwisha salama. Fomu ya matokeo ya mtoto wako imeambatanishwa na barua hii. Chini yake kuna tarehe ya kufungua shule na salio la mchango wa uji. Isome, itie sahihi, irudi shuleni siku ya kwanza.

Jambo kubwa la barua hii ni jingine. Mwezi Mei Darasa la Sita waliandika insha juu ya mahali wanapotamani kutembelea. Nilizisoma zote. Serengeti, Mlima Kilimanjaro, Zanzibar, wawili watatu Dubai. Hakuna hata mmoja aliyeandika Kilwa, Mikindani wala Msimbati. Siwalaumu watoto. Hizo ndizo picha zilizo kwenye kalenda na televisheni, nasi wakubwa tukiitaja Kusini mbele yao tunataja bei ya korosho na ubovu wa barabara. Mtoto anakua akidhani uzuri wa nchi unaanzia ng'ambo ya Daraja la Mkapa, kule Mto Rufiji. Serengeti ni yetu sote na waitamani, ila mbachao usiachwe kwa msala upitao.

Basi tukawapeleka Mikindani, kilomita kama 10 tu kutoka mjini, mahali ambapo wengi wao hupapita kila wakienda Lindi. Waliona boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, wakaelezwa kwamba David Livingstone alipitia hapo mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho barani. Lakini kilichowashika hasa ni ukuta wa nyumba moja kuukuu uliobanduka lipu. Mtoto mmoja alipitisha kidole kwenye jiwe, akaona vitundu vidogo vidogo, akauliza jiwe la baharini limefikaje ukutani. Mzee aliyekuwa barazani akawaeleza: matumbawe hukatwa yakawa mawe ya kujengea, mengine huchomwa yakawa chokaa, na dari hushikwa na boriti za mikoko. Nyumba nzima imetoka pwani ile ile waliyokuwa wakiitazama. Hawakutaka kuondoka mpaka dereva akapiga honi.

Kwa sababu hiyo naomba likizo hii kila mtoto wa Darasa la Tatu hadi la Sita aende na mtu mzima mahali pamoja katika mikoa yetu miwili, Mtwara na Lindi, aangalie, aulize, aandike kurasa mbili. Haihitaji fedha nyingi. Wengi wenu mtakwenda vijijini kupulizia mikorosho, na watoto mtakuwa nao. Aliye Newala asirudi bila kufika Shimo la Mungu, pale nyanda za juu za Makonde zinapokatika ghafla na bonde la Ruvuma likatandazika chini, Msumbiji ikiwa ng'ambo. Aliye Msimbati yumo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000. Aliye Rondo, huko Lindi, aulizie komba mdogo wa msitu wa huko, ambaye uzito wake haufiki gramu 100 na wataalamu wamempa jina la Rondo yenyewe.

Wenye ndugu Lindi vijijini, nawaomba sana mzungumze na watoto habari za Tendaguru. Katika kilima hicho, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimbua mifupa ya dinosaria walioishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Zaidi ya tani 200 zilibebwa kichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, zikapakiwa melini. Dinosaria mmoja, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin, na watu hutoka mbali kwenda kumtazama. Watoto wamjue Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, na wajue kwamba waliochimba na kubeba walikuwa watu wa huku. Huenda kwenu yupo bibi aliyesimuliwa habari za mizigo ile. Mkalishe mtoto mbele yake angali hai.

Mwenye nauli ya mbali zaidi ampeleke Kilwa Kisiwani. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu mji huo, na masultani wake walikuwa na sarafu zao wenyewe. Magofu ya Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa yapo hadi leo. Pamoja na magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981. Mnavuka kwa chombo kutoka Kilwa Masoko. Tafadhali, hakuna jiwe la kuokota gofuni, na asiachwe mtoto majini peke yake.

Watakaoingia jandoni likizo hii tutawaongezea muda wa kuandika.

Insha zitasomwa mbele ya shule wiki ya pili ya muhula, na wazazi mnakaribishwa. Mzazi aliye mchongaji wa mpingo, nahodha, au anayeijua vizuri ngoma ya sindimba, ampe mtoto ujumbe aulete kwa mwalimu wa darasa. Tutampangia kipindi, na watoto watakuwa na maswali mengi.

Wako katika malezi,

Mwalimu Mkuu