Shosti, miji saba ya nini?

Mambo shosti wangu,

Ile listi yako nimeiona, kwanza nimecheka halafu nikaanza kuhesabu kwa vidole, London, Paris, Amsterdam, Prague, Vienna, Budapest, Roma. Miji saba, siku 12! Unaenda likizo au kuna mtu anakukimbiza?

Sikucheki kwa ubaya, mi mwenyewe safari yangu ya kwanza nilifanya hivyohivyo, miji mitano siku kumi, na leo nikikumbuka kinachonijia ni stesheni na mapokezi ya hoteli tu. Kila ukihama mji siku hiyo imeshaliwa nusu, asubuhi unafunga begi, unarudisha funguo, unawahi stesheni kwa woga, unafika huko chumba hakijawa tayari mpaka saa tisa mchana ndo unazurura na mzigo kama mtu aliyefukuzwa kwao. Prague ndo begi langu lilivunjika tairi, mitaa ya zamani pale imetandikwa vijiwe, nikaliburuta likiwa limelala upande linalia krrr krrr, kila mtu anageuka kuniangalia. Tangu hapo sihesabu siku, nahesabu nitalala mara ngapi. We utalala mara 11, ukigawa kwa saba hata mbilimbili hazifiki.

Sasa tukate. London itoke, Uingereza haiko Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo hapo ni viza nyingine na ada nyingine, kwa mji utakaokaa siku moja na nusu? Roma nayo iko mbali na wenzake, bora upande ndege, na mji ule kuupitia juujuu ni kujionea tu, iache isubiri. Najua Paris ndo roho yako. Kama haikwepeki basi chukua Paris, Brussels na Amsterdam, treni kutoka Paris mpaka Amsterdam ni masaa matatu na kitu na Brussels iko hapohapo njiani, ila hiyo ni safari kamili, usiichanganye na Budapest.

Lakini mimi ningekuwa wewe ningeenda Prague, Vienna, Budapest. Zimekaa mstari mmoja, Prague mpaka Vienna treni kama masaa manne, Vienna mpaka Budapest hayafiki matatu, unachungulia dirishani unakula zako. Na tiketi ya ndege kata ya kuingilia Prague na kutokea Budapest! Usikate ya kwenda na kurudi palepale, maana itabidi urudi kinyumenyume masaa karibu saba kufuata ndege.

Lala Prague 4, Vienna 2, Budapest 5. Mgawo huo uamue mapema kwasababu viza ya Schengen inaombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi, kwa hiyo hapo unaomba Hungaria, iliko Budapest, hata kama unaanzia Ucheki, iliko Prague, watu wengi wanajichanganya hapo. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari mpaka siku 15, usisubiri hizo 15 tafadhali. Bima nayo iwe ya angalau euro 30,000.

Kwanini Budapest nimeipa tano? Kwanza ni kama miji miwili, Buda upande wa vilima, Pest tambarare, mto Danube katikati, iliunganishwa 1873 pamoja na mji wa tatu, Óbuda. Halafu kuna mabwawa ya maji moto ya Széchenyi, yapo toka 1913, mengine yako nje kabisa, mi nilienda kwenye baridi mvuke umetanda huoni mbele, nikasikia tu tak, tak, kusogea kumbe wazee wamezama mpaka kifuani wanacheza chesi. Nikakaa hapo masaa matatu vidole vikajikunja kama zabibu kavu. Hiyo kwenye ratiba yako ya miji saba ungeipata saa ngapi?

Hela, Ucheki ni koruna, Hungaria ni forinti, euro ni Austria peke yake, kwa hiyo usibadilishe nyingi kwa mara moja.

Na wewe na shopping zako, Vienna isiangukie Jumapili, maduka karibu yote yanafungwa, utabaki kubusu vioo.

Nitumie listi mpya kabla hujalipia chochote, nakujua. Na lile begi lako kubwa la pinki liache.

Shosti wako