Mvumo wa Bluetooth garini: chunguzeni ethi kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowatoa wenye magari fedha bure: mvumo na mluzi unaojitokeza kwenye spika baada ya kuunganisha kadi ya Bluetooth (kijibodi kinachopokea muziki kutoka kwenye simu) kwenye redio. Mteja anaambiwa redio imekufa au alteneta (mtambo unaochaji betri) ibadilishwe, na mara nyingi vyote viwili ni vizima. Tatizo liko kwenye ethi, yaani njia ya hasi inayorudisha umeme kwenye betri kupitia bati la gari.

Magari mengi tunayoendesha yametoka Japani, na redio zake za zamani zinaishia FM 90. Vifaa vya kurusha sauti vinavyochomekwa kwenye kiwashio cha sigara huanzia 87.5, kwa hiyo nafasi inayobaki ni finyu na mijini imejaa vituo. Ndiyo maana watu huingiza kadi moja kwa moja kwenye AUX, tundu la redio la kuingizia sauti kwa waya. Wanafanya vizuri, sauti ni safi zaidi, ila hapo kadi na redio hukutanishwa hasi zao kwa mara ya pili.

Kadi imechukua hasi kwenye kiwashio, redio imechukua nyuma ya dashibodi, na katikati pana waya na bati lenye ukinzani mdogo. Feni ikivuta ampea 10 kupitia omu 0.01, sehemu hizo mbili zinatofautiana kwa milivolti 100, wakati muziki wenyewe ni milivolti mia kadhaa tu. Tofauti hiyo inapita kwenye hasi ya waya wa sauti, na kila inapopandapanda redio huikuza pamoja na wimbo. Umeme wa alteneta nao hautulii kabisa hata baada ya daiodi zinazougeuza kuwa wa mkondo mmoja. Alteneta ya ncha 12 za sumaku hutoa mapigo 36 kila mzunguko. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, hayo ni mapigo 1,200 kwa sekunde, na sikio linayasikia vizuri sana. Ukikanyaga mafuta, mluzi unapanda.

Msinunue chochote kabla ya kupima. Toeni kadi kwenye umeme wa gari, iwasheni kwa pawabenki, waya wa sauti ubaki palepale. Kelele ikikata, ilikuwa inapitia kwenye umeme na ethi ya kadi. Ikiendelea, chomoeni waya wa sauti upande wa redio: ikikata sasa, huenda waya umelala sambamba na nyaya nene za umeme, uhamisheni. Isipokata hata hapo, chunguzeni redio au amplifaya. Na tik-tik-tik inayosikika hata injini ikiwa imezimwa inatoka kwenye kadi yenyewe, kwa sababu inavuta umeme kwa vipigo inapowasiliana na simu.

Dawa ya bei nafuu kuliko zote ni kuhamisha hasi ya kadi na kuichomelea kwa risasi kwenye waya wa hasi wa redio, karibu kabisa na soketi yake. Chanya ichukuliwe kwenye waya wa ACC (wenye umeme ufunguo unapowashwa) wa redio hiyohiyo, kupitia fyuzi ya ampea 1. Tafuteni waya hizo kwa mita ya kupimia umeme; rangi zisiaminiwe.

Kelele ikibaki, tenganisheni umeme. Kuna kijidude kinachoitwa B0505S-1W: kinapokea volti 5 na kutoa volti 5 bila hasi ya kuingia kugusana na ya kutoka. Hukaa baada ya kishusha volti (kinachoshusha 12 za gari kuwa 5), kabla ya kadi. Wekeni kapasita ya maikrofaradi 10 upande wa kutoka. Kadi ikivuta chini ya miliampea 20, ongezeni rezista ya omu 220 kati ya chanya na hasi za kutoka, kwani bila mzigo wa kutosha volti hupanda. Kikomo chake ni miliampea 200, hivyo hakifai kwa kadi yenye amplifaya ndani. Na hasi ya kutoka isiguse bodi ya gari popote, hata kwa skrubu. Ikigusa, kazi yote imekuwa bure.

Transfoma ndogo za kutenganisha sauti, zile zenye pini za milimita 3.5, nazo hukata mluzi na hazihitaji kuchomelea. Lakini za bei rahisi hula besi. Binafsi nazipendekeza kwa asiyetaka kufungua dashibodi tu.

Kuongeza kapasita kubwa peke yake hakuondoi kelele ya ethi. Kukata hasi ya waya wa sauti ni kubaya zaidi: mvumo mara nyingi huongezeka.

Wenye Fuso na malori mengine ya volti 24 wawe makini. Lori likichaji, umeme hufika kama volti 28, na kadi iliyotengenezewa volti 12 yenye kapasita ya volti 16 itapasuka. Tumieni kwanza kishusha volti kinachohimili 40.

Wauzaji nao wawaambie wateja kama sauti ya kadi inatoka kwa nyaya tatu au nne. Kwenye zile za nne, kila upande una chanya na hasi yake, na kuunganisha hasi hizo na ethi kunaweza kuunguza chipu siku hiyohiyo.

Fundi wa redio za magari,
Dar es Salaam