Somo, ukija, njoo mwezi wa pili

Santa Maria, Rio Grande do Sul

Somo yangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, nikaona jibu lake haliwezi kuwa la sauti. Unauliza kama kweli mtu asiye na akiba kubwa anaweza kuja kusoma huku Brazili na kuishi. Anaweza. Ila yapo mambo ambayo mimi hakuna aliyeniambia kabla sijaondoka, na sitaki yakukute wewe.

Kwanza la kukufurahisha. Hapa jikoni kwangu pana saa ya mishale, na saa hiyo ndiyo iliyoniponya upweke wa miezi ya mwanzo. Huku tuko nyuma yenu kwa saa sita kamili. Mshale ukiwa kwenye saba, majirani zangu wanakunywa kahawa ya asubuhi, na kwenu ni saa saba mchana. Ukifika mbili baada ya chakula cha mchana, kwenu ni saa mbili usiku, najua mama ameshatandika msala kwa ajili ya Isha. Sijumlishi wala sitoi. Saa yao ni ileile yetu, kana kwamba ilinunuliwa Morogoro.

Mji wenyewe una watu kama laki mbili na sabini elfu, kiasi cha kilomita 290 magharibi ya Porto Alegre. Kwa basi ni zaidi ya saa nne. Ukishuka ukaona milima imesimama nyuma ya nyumba, utakumbuka stendi ya Msamvu pale Morogoro, nami nilisimama pale na begi langu nikalia. Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Santa Maria kilianzishwa mwaka 1960, kikawa cha kwanza cha serikali kuu kujengwa nje ya makao makuu ya jimbo. Hilo si jambo dogo, somo. Ndiyo sababu mji huu unaishi kwa wanafunzi: vyumba vimejengwa kwa kipimo chao, na muhula wa mwisho wa mwaka ukiisha, wanaohitimu wanauza vitanda, majiko na meza kwa bei ya kutupa.

Ada hakuna. Katiba yao ya mwaka 1988 inasema elimu kwenye taasisi za umma ni bure, na mgeni aliyepita mchujo anahesabiwa humohumo. Ukipata posho ya serikali ya uzamili, tangu 2023 ni reali 2,100 kwa mwezi. Yangu, kodi na umeme vinakula karibu nusu. Mchana nakula bwalo la chuo, wanaloliita RU, kwa pesa ndogo sana: wali, maharage meusi, nyama kidogo, kachumbari. Ukiugua, zahanati ya mtaa ni bure hata kwa mgeni. Nilipong'atwa na mbwa walinichoma sindano zote na hakuna aliyeniuliza habari ya pesa.

Sasa sikiliza panapouma. Mji ni rahisi kwa aliyekwisha kukaa. Anayeingia analipa sana. Ofisi ya kwanza ya kupangisha nyumba niliyokwenda ilitaka mdhamini mwenye nyumba yake humuhumu mjini. Mimi ningemtoa wapi, na nimeshuka juzi? Walinirudisha mara mbili, mara ya pili mbele ya watu, na nililala wiki tatu kwenye godoro sakafuni kwa msichana wa darasani kwetu. Baadaye ndipo nikajua kuwa sheria inaruhusu kuweka amana badala ya mdhamini, isizidi kodi ya miezi mitatu. Mama mwenye nyumba ninayokaa sasa alikubali hivyo. Kwa hiyo njoo na kodi ya miezi mitatu mkononi, na chakula cha miezi miwili, kwa sababu posho haianzi siku unayotua. Ukija na nauli tu kwa imani kwamba huku ni rahisi, utadhalilika, na sitaki udhalilike.

Halafu karatasi. Namba ya mlipakodi, CPF, iombe ubalozini Dar kabla hujapanda ndege. Bila hiyo huna laini ya simu wala akaunti ya benki. Ukifika, una siku 90 za kujiandikisha kwa Polisi ya Shirikisho. Usingoje ya themanini.

Lugha anza leo. Hapa Kiingereza hakikusaidii dukani wala zahanati. Kireno utakuta kimekwisha kuingia nyumbani kwako kabla hujakijua: meza, bendera, leso, foronya, kopo. Siku mwalimu alipotuambia kwamba igreja ni kanisa, nami nikamweleza kuwa kwetu neno hilohilo limekuwa gereza, darasa zima lilinyamaza. Na unga wa mahindi wanauita fubá, neno lililovuka bahari na watu waliotolewa Angola na Kongo wakiwa watumwa. Hulifikirii hilo unaponunua kilo moja sokoni, kisha siku moja unalifikiria, na mkono unakuwa mzito. Wajukuu wa Waitaliano waliohamia vijiji vya jirani wanaupika unga huo wa njano, wanauita polenta. Mimi nausonga mpaka ukakamate. Si sembe, lakini mchuzi wa kisamvu unaupokea vizuri.

Uliuliza kama watu ni wema. Wengi ni wema sana. Watakupa chimarrão, chai chungu ya moto kwenye kibuyu kinachopita mkono kwa mkono, na ukikipokea wewe ni mwenzao. Lakini kusini hii weupe ni wengi, na utatazamwa. Utaulizwa kama umetoka Haiti au Senegali. Kuna siku swali hilo ni udadisi, kuna siku si udadisi, na utaijua tofauti kwa mwili wako kabla ya masikio.

Na kuna msiba ambao lazima uujue kabla hujafika. Januari 27, 2013, ukumbi wa dansi ulioitwa Kiss uliungua hapa mjini, wakafa watu 242, wengi wao wanafunzi wa rika letu la wakati ule. Mama mwenye nyumba hunisubiri macho nikichelewa kurudi. Mwanzo nilikereka, mtu mzima kuchungwa. Mpaka jirani aliponiambia kwamba mtaa huu ulizika vijana wawili wiki ile. Sasa nikichelewa nampigia simu.

Kuhusu mwanao: shule za serikali ni bure na zitampokea, mwaka wa masomo unaanza mwezi wa pili. Ndiyo sababu nasema njoo mwezi huo, bado ni joto, mtoto azoee lugha uwanjani kwa kucheza. Usimlete mwezi wa sita. Wa sita na wa saba ni baridi ya kuganda umande, na nyumba za huku hazina vya kupashia joto. Utakaa sebuleni na koti. Mimi mwaka wa kwanza nilivaa soksi jozi mbili na kujifunga khanga ya mama tumboni ndani ya sweta.

Chumba cha nyuma cha nyumba hii kina dirisha la upande wa milima. Anayekaa humo anahitimu mwezi wa kumi na mbili. Nimekwisha kuzungumza na mama mwenye nyumba, amesema ataniwekea mpaka mwisho wa mwezi wa kumi, asipangishe mtu mwingine. Nijibu kabla ya hapo. Na ukija niletee iliki na leso mbili, ya tatu mletee yeye.

Nisalimie mama, mshikie miguu kwa niaba yangu.

Somo wako